Kipande Chetu cha Mfereji

Kijiji cha Mwabusenga,
Shinyanga Vijijini.
6 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila Blessing alikuwa na mafua na sasa amepona. Simu yako haipatikani tangu wiki ya Pasaka, na simu ya Mama hushika mtandao nyumbani kwa Mama Mageni tu, ambako kila neno husikika mpaka jikoni. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Mariana, yule muuza mchele, huenda Geita kila Ijumaa. Anasema gunia moja humshushia mama ntilie wa Nyarugusu anayekufahamu, na barua hii itapita hapo.

Jambo lenyewe ni mfereji. Unafukiwa. Mradi umeleta mabomba meusi, mapana kuliko kiuno changu, na yatalazwa chini ya ardhi kutoka lambo mpaka mashamba ya mwisho. Mafundi wanasema nusu ya maji huishia njiani, kwenye nyufa na midomoni mwa ng'ombe. Sisi wa mwisho tunalijua hilo bila kipimo. Msimu uliopita majaruba yetu matatu ya mpunga yalipata maji siku kumi na moja tu. Kijiko, lile tingatinga la kuchimba, kilipoanza kazi Jumatatu nilikwenda kukitazama na nilifurahi.

Lakini bomba si kama mfereji. Kila shamba litafungiwa koki yake wakati bomba linapopita, na likishafukiwa hakuna kuongeza nyingine. Zamani haki yetu ilikuwa kipande, zile hatua ishirini za mfereji alizopewa Babu. Anayezibua kipande chake kila Oktoba, shamba lake hunywa. Asiyezibua, maji humpita. Haikuhitajika karatasi, tope la miguuni lilitosha. Tangu uondoke, miaka saba, kipande tumekizibua mimi na Mama. Mwaka aliokuwa na mimba ya Blessing alizibua amepiga magoti.

Sasa yanatakiwa majina. Kwa kuwa tuko likizo na mwandiko wangu unasomeka, Mzee Leodgar, mwenyekiti wa chama cha umwagiliaji, aliniita ninakili orodha ya vipande kwenye daftari jipya. Tulipofika kwetu katibu akaniuliza, "Hapa tumwandike mama yako?" Nikasema hapana, Baba yupo. Nikaandika Gregory Masalu, herufi ya kwanza na mkia wake, kama ulivyonifundisha. Nilitaka wanaosema umepotelea machimboni walione jina lako.

Sikujua kinachofuata. Jumapili ilitangazwa kwamba mwenye jina ndiye atakayesaini fomu ya koki, mwisho Jumamosi tarehe 6 Julai. Asiposaini, koki inahamia shamba linalofuata, nalo ni la Baba mdogo Festo. Kesho yake nilikwenda kuomba jina libadilishwe liwe la Mama. Mzee Leodgar akasema daftari limekwisha gongwa muhuri, na jina haliondoki mpaka mwenye jina aliachie kwa mdomo wake mbele ya mkutano. Akaniambia, "Wewe mwenyewe umesema baba yupo. Basi aje."

Njoo, Baba. Siku moja inatosha.

Mwanao mtiifu,
Paskazia


Nyarugusu, Geita.
8 Juni 2024

Mayu wangu Paskazia,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisikia yote, neno kwa neno. Kuhusu simu usiwe na wasiwasi. Ilinichomoka mfukoni ikaangukia duarani, shimoni tunamochimba, na hakuna anayeshuka mita arobaini kwa ajili ya simu ya tochi.

Kuja kwangu kuna kikwazo kimoja. Tuko watu wanane kwenye duara hili na tumechimba tangu Februari bila kuona jiwe lenye dhahabu. Sheria ya hapa ni moja: anayeondoka kabla mawe hayajatoka ameacha na mgao wake. Nikipanda basi leo, miezi hii yote nimewachimbia wenzangu. Msimamizi anasema tumebakiza wiki mbili, labda tatu. Kwa hiyo nimekaa hapa kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, majani nayaona na kamba haifiki.

Ulifanya vizuri kuandika jina langu. Usilibadilishe. Vitabu vya mfereji ule niliviandika mimi miaka sita nikiwa katibu, na Leodgar anaijua sahihi yangu kuliko anavyoijua sura yake. Nitafika kabla ya tarehe 6 na nitasaini mbele yao wote.

Mwambie mama yako avumilie kidogo. Salamu kwa Blessing.

Baba yako,
Gregory Masalu


Mwabusenga,
13 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua. Mwandiko wako umebadilika. Umekuwa wa mviringo na umenyooka kama umepigiwa mstari. Nilimwonyesha Mama nikidhani atafurahi kuona hata machimboni unaandika kwa utulivu. Aliishika karatasi muda mrefu, ingawa hajui kusoma. Akauliza kama kalamu za Geita ni tofauti na za huku. Nikasema sijui. Tangu siku hiyo hajakutaja, na usiku huo hakula.

Kijiko kimepita shamba la kumi na nane. Nyuma yake mfereji wa zamani unajazwa udongo, na wanawake waliokuwa wakifulia pale sasa wanapanda mpaka lambo. Kipande cha Mama Mageni kilifukiwa juzi. Alisimama na jembe lake akawaambia mafundi kwamba miaka thelathini amelilea shimo hilo na halikumwamkia hata siku moja. Watu walicheka sana. Yeye alicheka pia, halafu akaenda nyumbani mapema.

Nimepata njia, Baba. Mzee Leodgar amekubali usaini huko huko, mradi sahihi ilingane na ile ya vitabu vya zamani. Nimekuwekea fomu ndani ya bahasha. Ni sahihi moja tu, chini kulia, nimeweka alama ndogo ya penseli. Mpe Mariana arudi nayo Jumapili. Hivyo hutaacha duara na hutapoteza mgao wako.

Mwanao,
Paskazia


Nyarugusu,
15 Juni 2024

Mayu,

Marahaba. Fomu nimeiona na ninairudisha kama ilivyo. Mtu mzima hasaini haki ya shamba la baba yake juu ya gunia la mchele, mbali na wenzake. Nimesema nitakuja na nitakuja. Usinitumie karatasi nyingine.

Baba yako,
Gregory Masalu


Mwabusenga,
20 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tatu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua kwa mzazi hubeba heshima toka juu mpaka chini, na mimi nimejitahidi. Ukiona neno limekosa heshima, naomba unisamehe.

Fomu imerudi tupu. Mama aliona nilivyoikunjua. Akaenda kupepeta mpunga uliokwisha pepetwa.

Jana jioni alikuja Baba mdogo Festo. Alileta sukari. Alisema kwa upole kwamba tusihangaike, koki ikienda kwake atatugawia maji kama ndugu, akishamaliza ya kwake. Akatania kwamba Mama ampikie vizuri tu kila zamu. Mama akamshukuru kwa sukari. Alipoondoka, Mama alisema hamchukii Festo, lakini mwanamke anayeomba maji kwa shemeji yake kila wiki ataombwa na yeye kitu siku moja. Nilielewa alichosema. Nina miaka kumi na saba.

Kijiko kitafika kwetu wiki ya kwanza ya Julai. Majaruba haya ndiyo chakula chetu na ndiyo daftari zangu na ndiyo sare ya Blessing akianza shule Januari. Siwezi kumwambia Mzee Leodgar kwamba hupo, maana mimi ndiye niliyesema upo. Siwezi kufuta jina lako. Siwezi kukuleta. Kila nikigeuka nakutana na kitu nilichokiandika mwenyewe.

Kwa hiyo nauliza, na nitapokea jibu lolote. Mwandiko ule ni wa mwanamke, Baba. Je, tuna mama mwingine huko?

Paskazia


Nyarugusu,
22 Juni 2024

Kwa binti Paskazia,

Mwandiko ni wangu. Naitwa Bhoke, ni mama ntilie, huyo huyo anayeshushiwa gunia na Mariana. Mimi ni mwanamke wa Tarime na sijui kuzunguka, kwa hiyo nisikilize. Mimi si mama yako mwingine. Nina miaka hamsini na minane, meno mawili ya mbele sina, na mume nilishazika mmoja akanitosha.

Baba yako hayumo duarani. Hajashuka shimoni tangu mwaka juzi. Alipewa kazi ya kuchoma dhahabu, ile ya kuweka zebaki kwenye kikaango na kuiunguza, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Ilikuwa kazi ya kivulini na akaona amepata. Sasa mikono yake inatetemeka. Si kidogo, mwanangu. Kikombe cha chai nampa kikiwa nusu, na nusu ya hiyo nusu humwagikia magotini. Daktari alimwambia aache kibanda, akaacha, lakini mikono haikuacha. Hapa kwangu anasukuma toroli la madumu ya maji. Mipini ya toroli anaiweza kwa kuwa nimemfungia mikono kwa vitambaa. Anauza maji, halafu jioni ananisimulia mfereji wenu mpaka ninaujua kila kona.

Barua zako namsomea mimi. Zake anatamka yeye, naandika mimi. Aliniapisha nisiseme. Kuhusu ile sahihi, siku fomu ilipokuja aliketi nyuma ya jiko na kalamu na magazeti yangu ya kufungia vitumbua. Alijaza kurasa nne. Hakuna hata moja iliyofanana na jina la mtu. Nilimwambia aweke dole gumba, watu wengi wanaweka. Akaniambia, "Mimi niliwawekea watu dole kwenye wino, mmoja mmoja, na kuwashikia mkono. Leo niwarudie nikiwa nimeshikwa mkono mimi?" Wanaume ni wapumbavu, ila upumbavu huu ulinitoa machozi.

Swali lako la mwisho nilimsomea. Nilifikiri nilipite, nikaona si haki. Hajala tangu jana.

Usimwambie mama yako mpaka nijue la kufanya. Nitamsukuma tena.

Mama Bhoke


Nyarugusu,
2 Julai 2024

Mayu wangu,

Mama Bhoke amekwambia. Nilimkasirikia siku mbili, ya tatu nikaona nimekuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Hakuna mama mwingine. Mwambie mama yako hivyo kabla ya kumwambia jambo lolote.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mtendaji wa huku. Imeandikwa karatasi kwamba mimi Gregory Masalu mkono wangu hauwezi tena kushika kalamu, tangu mwaka jana, na badala ya sahihi nimeweka dole gumba. Imegongwa muhuri. Sikutaka ingoje Mariana, nimempa kondakta wa basi leo hii, aikabidhi stendi kwa bodaboda wa Mzee Leodgar. Itafika kabla ya tarehe 6. Barua hii utaipata baadaye, lakini koki utakuwa umeshaipata.

Leodgar ataisoma na wote watajua. Na wajue.

Baba yako,
Gregory


Mwabusenga,
4 Julai 2024

Mama Bhoke,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi na nimeificha ndani ya kitabu cha Jiografia. Nisamehe kwa swali lile. Tafadhali mwambie Baba kwamba nilimkosea.

Nakuandikia wewe kwa sababu kuna jambo siwezi kumwambia yeye. Bomba linafika kwetu Jumatatu. Nilingoja Jumapili Mariana aliporudi, hakuwa na kitu kutoka kwenu. Nikajua Baba amekataa tena, na sikuweza kumlaumu.

Nilipokuwa darasa la nne Baba alinifundisha kuandika kwa kufuatisha sahihi yake, kwa kuwa alisema ndani yake kuna kila mkunjo wa herufi. Nilifuatisha mpaka akashindwa kutofautisha, akacheka, akawaonyesha watu. Fomu ile ilikuwa bado kwangu. Juzi baada ya shule nilibaki darasani na nikaisaini. Haikuchukua hata nusu dakika. Jana nilimpelekea Mzee Leodgar nikasema Mariana ameileta kutoka Geita. Alifungua kitabu cha zamani, akalinganisha, akatabasamu. Alisema, "Mkono wa Masalu haujazeeka." Kisha akanipa soda.

Sikuweza kuimaliza ile soda. Mama aliposikia koki imekubaliwa alipiga magoti jikoni akasali, akamwombea na Baba. Ni mara ya kwanza kumtaja baada ya wiki tatu.

Mwambie Baba jambo la fomu limekwisha na asihangaike. Usimwambie limekwishaje. Najua ni dhambi na nitakwenda kuungama Jumamosi. Lakini maji yatakuja.

Paskazia


CHAMA CHA UMWAGILIAJI MWABUSENGA
8 Julai 2024

Kwa Ndugu Gregory Masalu,
Nyarugusu, Geita.

YAH: KARATASI MBILI ZA KOKI NAMBA 61

Chama kimepokea fomu yenye sahihi yako, iliyoletwa na binti yako tarehe 3 Julai. Tarehe 6 Julai kimepokea karatasi ya pili yenye dole gumba lako na muhuri wa mtendaji wa huko, inayosema mkono wako hauwezi kusaini tangu mwaka jana.

Karatasi hizi mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Mafundi wameelekezwa waliruke shamba lako kwa muda. Unatakiwa kufika mwenyewe kwenye mkutano mkuu, Jumamosi tarehe 20 Julai, saa tatu asubuhi, katika ghala la pamba. Usipofika, koki namba 61 itakabidhiwa kwa Ndugu Festo Masalu.

Leodgar,
Mwenyekiti


Nyarugusu,
12 Julai 2024

Mayu,

Nimesomewa barua ya Leodgar, na Mama Bhoke amenieleza ulichofanya. Sina la kukugombeza. Nilikuonyesha njia ukiwa na miaka kumi na kwa kiburi changu nikakulazimisha kuipita.

Nakuja. Mbele yao usiseme neno. Nitasema mimi.

Baba yako


Mwabusenga,
23 Julai 2024

Mama Bhoke,

Shikamoo. Uliniomba nikuandikie yote bila kupamba.

Baba alishuka Alhamisi jioni. Alikuwa amevaa koti lile kubwa, mikono mifukoni. Mama alikuwa amekwisha kujua, nilimwambia Jumapili barua ya dole ilipofika, nikamwambia na kosa langu. Hakunipiga. Alisema tu kwamba nyumba yetu ina wasomi wawili na wote wawili wameizamisha. Baba alipoingia alimsalimia, akamwekea chakula, akaketi kumtazama akila. Ugali ulimponyoka mara nyingi. Mama hakuondoa macho. Blessing ndiye aliyeuliza kwa nini Baba anatetemeka na jua linawaka.

Jumamosi ghala lilijaa. Mzee Leodgar aliweka karatasi mbili mezani na akamwuliza Baba ipi ni yake. Baba akajibu, "Zote."

Watu wakanung'unika. Akasema sahihi aliisaini mwezi uliopita siku ambayo mkono ulimtii, na dole aliliweka baadaye kwa tahadhari. Aliongea kwa sauti ya ukatibu, bila kunitazama. Nilielewa anachofanya.

Baba mdogo Festo akasimama. Alisema haya ni mambo ya aibu kwa ukoo, koki waipeleke kwake tu, na yeye si mtu wa kuwanyima ndugu. Wapo waliopiga makofi. Kweli si mtu mbaya, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu.

Mzee Leodgar akasukuma karatasi tupu na kalamu. "Siku nyingine mkono hutii, umesema. Basi tuone leo, katibu." Alimwita katibu kama zamani. Nadhani alitaka kumpa heshima.

Baba akatoa mikono mfukoni, na ghala zima likaiona. Alishika kalamu kwa mikono yote miwili. Karatasi ilitoa sauti kama ya kuku anayeparua. Herufi ya kwanza ilikimbia ikatoka nje ya ukurasa mpaka kwenye mbao za meza. Kijana mmoja nyuma alicheka na mtu akamzaba kofi. Baba akavuta karatasi, akaanza upya. Ikatoka tena. Akaanza upya. Hakuna aliyemwambia aache, na yeye asingeacha. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni na alikuwa tayari kuandika mpaka jioni, ili mimi nisiitwe mwongo.

Nilisimama. Nikasema, "Sahihi ile ni yangu. Baba hakujua."

Akasema, "Kaa chini, mayu."

Sikukaa. Nilieleza darasa lile, Jumanne ile, na soda. Mzee Leodgar alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliniuliza kama nafahamu kwamba daftari zima nililolinakili sasa litatiliwa shaka. Hilo sikuwa nimeliwaza. Hilo ndilo lililoniliza.

Wakashauriana. Adhabu yangu ni kutogusa kitabu cha chama mpaka nimalize kidato cha nne, na kuokota mawe ya mtaro siku tatu baada ya shule. Daftari atalinakili upya mtu mwingine, jina kwa jina. Kisha Mzee Leodgar akachana fomu yangu, akafungua kidau cha wino, akamwambia Baba aweke dole hapo hapo waone wote, shamba lake lipate koki yake, jambo liishe.

Baba alikitazama kidau muda mrefu. Nilidhani ni aibu ile ile. Kumbe alikuwa anawaza kingine. Alimwuliza Mzee Leodgar kipande chetu cha mfereji kilizibuliwa na nani Oktoba iliyopita. Mzee akasema mama Paskazia. Na kabla ya hapo? Mama Paskazia na binti. Na kabla ya hapo? Mama Mageni akajibu kutoka nyuma kwamba tuache maswali ya mitihani, kila mtu anajua.

Baba akasema, "Mimi maji yalinipita miaka saba iliyopita. Jina langu naliachia mbele yenu. Mwandikeni Rosemary, mke wangu."

Baba mdogo alianza kusema kitu kuhusu ardhi ya Babu. Baba akamwambia kwamba Babu alipewa kipande kwa jembe, si kwa kalamu, na kama anabisha aeleze ni lini aliingia mle topeni. Festo akaketi.

Mama alikuwa ameketi chini na wanawake, miguu ameinyoosha. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaja mezani, akatia dole kwenye wino na kulikandamiza kwenye karatasi, kama anayebonyeza embe kuona kama limeiva. Ilichukua muda wa kufumba jicho. Halafu akalitazama lile doa, akawatazama wanaume wa meza kuu.

"Wiki sita mnatafuta kidole," akasema. "Mimi ninavyo kumi. Hakuna aliyeniuliza hata kimoja."

Jana mafundi walirudi nyuma, wakafunga koki namba 61 kwenye kona ya jaruba la juu, wakafukia. Pale palipokuwa na kipande chetu sasa ni ardhi tambarare, huwezi kujua palikuwa na kitu. Maji bado. Wanasema Novemba. Nimeokota mawe siku moja, zimebaki mbili.

Baba hajasema kama atarudi huko. Leo mchana aliuliza kama Oktoba kutakuwa na kazi ya kuzibua, ili ajiandae. Mama akamwambia hakuna tena cha kuzibua. Baba akaketi na mikono yake katikati ya magoti, na niliona amebanwa kuliko alivyokuwa mbele ya meza ile. Mama aliendelea kuchambua mboga. Baadaye akamwonyesha majaruba kwa kidevu, akasema kingo zote za upande wa kusini zimetobolewa na panya, zinahitaji udongo mpya, na udongo unahitaji kukanyagwa mpaka ukaze.

"Kukanyaga," akasema, "hakutaki vidole."

Baba akavua viatu.

Wako,
Paskazia